Michezo ya watoto baada ya shule: rede, kombolela, mdako au kamba? Upi unafaa umri mchanganyiko?

Mama_Ngamiani
Habari za jioni wote. Niko Tanga mjini, Ngamiani. Tunapokea watoto wakitoka shule. Wanakula, wanafanya kazi walizopewa na walimu, kisha wanabaki kwetu mpaka wazazi wapite kuwachukua, wengine hadi saa kumi na mbili. Wapo wa awali wenye miaka 5 na wapo wa darasa la sita. Tuna kiwanja kidogo cha mchanga chenye mwarobaini mmoja, baraza ya saruji, na geti linalofungukia barabarani.

Televisheni nimeikataa. Nataka michezo wanayocheza pamoja na isiyo na gharama. Nalinganisha minne: rede ya kukwepa mpira, kombolela ya kujificha, mdako wa kokoto, na kamba. Jambo kubwa kwangu ni moja, mtoto mdogo au asiye na mbio asiwe ndiye wa kukaa pembeni kila siku. Nina mmoja wa darasa la kwanza, kwenye rede mpira wa kwanza tu umempata, anakwenda kuegemea ukuta mpaka wenzake wamalize. Roho inaniuma nikimtazama.

Mwalimu_Makorora
Dada, rede usiiache. Katika hiyo minne ndiyo inayomfanya mtoto akimbie, akwepe, arushe, na bado atumie akili, maana aliye kati anatakiwa ajaze chupa mchanga huku mpira unamwinda. Kinachokusumbua ni sheria ya kutoka, na hiyo unaweza kuibadilisha mchezo ukabaki mtamu vilevile.

Sisi aliyepigwa anakwenda kurusha, mrushaji anaingia kati. Mchanga uliokwisha kuingia kwenye chupa haumwagwi, anayeingia anaendelea pale mwenzake alipoishia. Wanashindana na muda: chupa ijae kabla hujapiga filimbi. Ukiwaacha waingie wawili wawili utasikia wakubwa wenyewe wanampanga mdogo, "wewe chuchumaa ujaze, mimi nitawavuta." Kazi ya kujaza inataka mkono mwepesi tu, hata asiye na mbio anaiweza. Chupa iwe ya plastiki, na mwenye kulenga kichwa apoteze zamu yake ya kurusha.

Baharia_Kwaminchi
Mimi nina mawazo tofauti, mniwie radhi. Sisi tulitolewa, tukakaa, tukasubiri raundi nyingine. Mtoto asipojifunza kushindwa akiwa na miaka 7 atajifunzia wapi? Mwenye mbio ashinde, asiye nazo afanye mazoezi.

Mama_Ngamiani
Kaka yangu nimekuelewa, na kushindwa siwafichi. Ila mtaani mtoto akichoka kutolewa alikwenda zake nyumbani. Hawa wangu hawana pa kwenda mpaka mama apite, na kesho saa zile zile wanarudi uwanja ule ule na watu wale wale. Halafu hayo mazoezi unayosema atayafanya saa ngapi, ikiwa anayetoka wa kwanza ndiye anayecheza kidogo kuliko wote?

Baharia_Kwaminchi
Hapo kwenye pa kwenda umenigusa. Basi wa darasa la tano na la sita waache watoane, wanaipenda hiyo. Wadogo wabadilishane kama alivyosema mwalimu.

Shangazi_Duga
Mimi kura yangu kombolela, na nawashangaa mnaoipita haraka. Angalieni ulivyo. Anayetafuta analinda kopo. Akikuona anataja jina lako, anakimbia kugusa kopo, umekamatwa. Lakini kukamatwa si mwisho. Unasimama pale na wenzio macho yanazunguka, nani bado hajaonekana? Mmoja akichomoka alikojificha akalibutua kopo, wote mko huru, na mlinzi anaanza upya. Mchezo huu umeshaweka ukombozi ndani ya sheria zake, huna haja ya kurekebisha kitu. Nimeona mtoto mpole kabisa, hasemi darasani, akawakomboa wakubwa wanane kwa teke moja. Wiki nzima wakawa wanamwita kamanda.

Ubaya wake na wewe unaujua. Mtoto wa watu umekabidhiwa, halafu unamruhusu apotee machoni pako! Kwa hiyo nina masharti. Geti lina kufuli na mtu mzima amesimama pale, na usisahau bodaboda wanaopita nje. Mfuniko wa shimo la maji machafu nimeukagua kwa mikono yangu, siyo kwa macho. Sehemu za kujificha nimezichora chaki, nje ya hapo hairuhusiwi. Wa awali wanajificha wakiwa wameshikana mkono na mkubwa. Kila raundi ikiisha, wote kwenye mwarobaini, tunahesabiana kwa sauti. Na giza likianza kuingia, kombolela imekwisha, hata wakilia.

Mwalimu_Makorora
Shangazi shikamoo. Nakuunga mkono, ila kwa uwanja mdogo wenye geti barabarani na pengine mlezi mmoja, mimi nisingeanza nao. Uchezwe siku mlezi wa pili yupo.

Shangazi_Duga
Marahaba mwanangu. Hilo sina ubishi. Mlezi mmoja, hapana.

Bi_Pongwe
Mbona mdako hauna mtetezi? Mnaongea kama vile jua la Tanga hamlijui. Saa tisa mwezi wa pili, nani anarusha rede juani? Chini ya mwarobaini chimba kishimo, mimina kokoto, kaa watatu au wanne. Unarusha moja juu, kabla haijashuka unazoa za shimoni, unadaka. Unarusha tena unazirudisha, unabakiza moja nje, hiyo ndiyo yako. Mkono unakuwa hodari, jicho linakuwa hodari, na hesabu za kujumlisha na kutoa zimo humo humo.

Na kuna Ramadhani. Watoto wa darasa la tano na la sita wengi wanafunga, ukiwakimbiza jioni unawaonea. Mwezi huo kwangu ni mdako, bao na vitendawili, na wasiofunga wanacheza nao hapo hapo wakiwa wamekaa. Hata wavulana waliosema mdako ni wa wasichana, wakishashindwa mara moja wanataka marudio.

Tahadhari moja: kama mnao wa chini ya miaka mitatu, kokoto zinaishia mdomoni. Wawe mbali.

Mkatani_Raskazone
Niseme la kamba kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ukinunua, nunua ya katani, tumekaa juu ya mkonge hapa, usihangaike na nailoni. Kwa kuruka, ya katani ina uzito, inazunguka vizuri hata upepo wa kusi ukivuma, wakati ya nailoni nyembamba inapeperuka na inachapa miguu. Kasoro yake inachoma viganja, kwa hiyo zungushia kitambaa pale wanaposhika wazungushaji. Ikilowa ianikwe, isiwekwe stoo na maji itaoza.

Kwa wadogo msizungushe kamba juu, ibembezeni chini tu, kulia kushoto, waruke. Aliyenaswa anashika kamba, mshikaji anaingia.

Kuvuta kamba watacheza tu mkiwa na kamba, hamtawazuia, basi wafundisheni: ni marufuku kuizungusha mkononi au kiunoni. Upande mmoja ukivutwa ghafla, kidole kilichozungushiwa kamba hakina pa kutokea. Nailoni kwa kuvutana ndiyo mbaya zaidi, inanyumbuka, na ikikatika inarudi kwa nguvu.

Mama_Ngamiani
Hilo la kuzungusha mkononi nitawaambia kesho kabla hawajaigusa. Ahsante sana.

Na siku za masika mnafanyaje? Baraza yangu haitoshi wote kukimbia.

Mwalimu_Makorora
Nyama nyama. Mmoja anaita, "nyama ya ng'ombe!", wanaruka wakiitikia "nyama!" Akisema "nyama ya meza!", kimya. Aliyeruka kimakosa ndiye anakuja kuita, hatoki. Kuna siku mmoja aliita pweza, watoto wa hapa wakaruka wote, wawili waliohamia kutoka Lushoto wakabaki wamesimama wanashangaa nyama gani hiyo. Tukaacha mchezo, tukaongea pweza nusu saa.

Bi_Pongwe
Tena kukunja mkeka. Tandika mkeka, wote wasimame juu, imba, kisha ukunje nusu, wasimame tena pasiwe na mguu sakafuni. Unakunja tena. Huu ni mchezo wa viti vya muziki uliogeuzwa: unapunguza nafasi, watu hupunguzi. Wa awali wanabebwa mgongoni. Wakubwa mimi nawatenganisha, wasichana mkeka wao na wavulana wao, maana ni kubanana na wazazi wengine hawataki.

Mama_Ngamiani
Haya, nimepanga hivi. Wakishakula jua likiwa kali, mdako chini ya mwarobaini. Baada ya saa kumi, rede ya kubadilishana, na Ijumaa wakubwa watoane kama kaka wa Kwaminchi anavyotaka. Kamba iwepo kila siku pembeni kwa anayeitaka. Kombolela ni Jumatano peke yake, dada yangu akija kunisaidia, kwa masharti yote ya Shangazi. Mvua, nyama nyama na mkeka.

Mpira wa rede tunashona wenyewe kwa soksi. Ndani niweke nini? Watoto wanasema mchanga.

Mwalimu_Makorora
Mchanga hapana, unaumiza. Weka matambara, ukaze, ushone mdomo mara mbili. Tena shona miwili, mmoja utaingia kwa jirani.