Programu ilijua braketi inatikisika hezi 90, ikairuka kimyakimya!

Wakuu, bado nina hasira, mnivumilie. Braketi ya alumini iliyobeba boksi la elektroniki imepasuka juu ya meza ya mtetemo, na kwenye kompyuta yangu, ndani ya programu ya kuigiza mtetemo, braketi hiyohiyo ilishafaulu bila wasiwasi.

Jaribio lenyewe la kawaida tu: wimbi la sini, g 2 (mara mbili ya mvuto wa dunia) kwenye kitako, masafa yanapanda taratibu kuanzia hezi 5, yaani mitikisiko 5 kwa sekunde. Kwenye programu nilianza na masafa asilia, yale ambayo braketi hupenda kutikisika yenyewe, ikaniletea ya kwanza: hezi 90. Nikaweka ufifizaji (kile kinachopunguza mtikisiko) wa asilimia 1, nikabonyeza kitufe, grafu ikatoka imetulia kama maji ya mtungi. Kilele: mara 9 ya kitako, yaani g 18 hivi. Nikaandika ripoti, nikalala.

Sasa sikilizeni uhuni. Programu ilijipangia hatua yenyewe, ikapiga hesabu kila hezi 10: 75, 85, 95, 105. Hiyo 90 haimo! Ufifizaji wa asilimia 1 maana yake kwenye resonansi, pale meza inapotikisa kwa masafa asilia yenyewe, mtikisiko unakuzwa mara 50, na kilele chake ni chembamba kama sindano: upana wake, pale nguvu inaposhuka hadi nusu, haufiki hata hezi 2. Weka nukta hezi 5 kabla na nyingine hezi 5 baada, ziunganishe kwa mstari, kilele kimekatwa kichwa. Meza ya mtetemo hairuki kitu. Ilipofika 90 boksi likala g 100. Ufa ulianzia kwenye kona ya mkunjo, karibu na boliti ya pili, ukatambaa hadi ukingoni.

Kinachoniuma si hesabu. Hii programu ILIJUA! Dakika mbili nyuma imeniambia yenyewe 90. Kuna hadi kisanduku cha kusogeza nukta karibu na masafa asilia, kimefichwa ndani kabisa ya mipangilio, tena kimezimwa. Nikisahau kushikiza upande mmoja wa modeli inanipigia kelele nyekundu, ila kwa hili inanyamaza.

Nimekiwasha, mara 50 ikatokea. Nikafungua picha ya mkazo: bluu tupu. Nikadhani nimechanganyikiwa. Kumbe picha inaonyeshwa kwenye fezi sifuri, yaani pale meza inapofika mwisho wa mwendo wake, na kwenye resonansi braketi inapinda kwa kuchelewa robo mzunguko nyuma ya meza. Picha inapopigwa, braketi ndiyo kwanza inapita katikati, haijapinda. Zungusha fezi digrii 90, kona inawaka nyekundu, palepale penye ufa.

Vizio hata sivigusi. Ukifanya kazi kwa milimita, g moja ni milimita 9,810 kwa sekunde mraba, na pa kuingiza hapasemi panataka nini. Hilo lilishanitia hasara zamani.

Mtaniambia ningeangalia nukta. Sawa, nakubali nusu. Ila asinijie mtu na "soma mwongozo", nimeusoma. Ninachotaka kujua: kuna anayetumia programu inayokataa kuendelea, au hata kukohoa tu, ukiruka masafa asilia yaliyomo ndani ya mipaka ya jaribio? Maana kesho napeleka braketi nyingine mezani.