Kujaza upya maganda ya risasi mara nyingi huathirije usahihi wa shabaha?

Mlenga_Mbali: Salaam, wakuu. Ninajaza upya maganda ya .308 Winchester (aina ya risasi za bunduki ndefu) kwa ajili ya kulenga shabaha za mbali. Maganda yakiwa mapya, matundu kwenye shabaha hukaa karibukaribu. Yakishajazwa mara kadhaa, yanaanza kutawanyika juu na chini, ingawa baruti ninaipima kwa mizani ileile na aina ya risasi haijabadilika. Je, chanzo chaweza kuwa ganda lenyewe, au nichunguze mtutu?

Fundi_Maganda: Mtutu nao huchakaa, lakini mtawanyiko wa juu na chini usioambatana na ule wa kulia na kushoto mara nyingi hutokana na tofauti za kasi, kwa hiyo ningeanza na ganda. Ganda ni mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba na asilimia 30 ya zinki, na metali hiyo hukakamaa kila inapotanuliwa na kubanwa. Mfyatuo hulitanua hadi kwenye kuta za chemba, yaani nafasi ya bunduki linamokaa, kisha kalibu, kifaa cha kulibana, hulirudisha kwenye kipimo chake. Shingo (sehemu ya mbele inayoshika risasi) iliyokakamaa hutanuka tena kidogo inapotoka kwenye kalibu, hivyo haiishiki risasi kama ilivyoishika ilipokuwa laini. Bega, yaani sehemu ya ganda inayopungua kuelekea shingoni, nalo hugoma kurudi nyuma kwa kiasi kilekile.

Kinachoharibu shabaha, kwa maoni yangu, ni kutolingana kuliko ukakamavu wenyewe. Weka maganda yaliyotumika idadi sawa ya mara katika kundi moja, wala usiyachanganye na mengine. Shingo na bega hulainishwa kwa kupashwa moto kwa muda uleule, ganda kwa ganda. Kitako kisifikiwe na joto hilo hata kidogo, kwani ugumu wake ndio unaohimili mgandamizo wa gesi, na kikilainika huweza kupasuka mbele ya uso wa mpigaji.

Baba_Shabaha: Naongeza la urefu. Metali husogea mbele kuelekea shingoni, ganda likarefuka; kwa .308 upeo wa urefu wa ganda ni milimita 51.18, na wengi hulikata hadi 50.93. Metali hiyo hutoka mwilini, na sehemu iliyo juu kidogo ya kitako hubaki nyembamba. Ipapase kwa ndani kwa waya uliopindwa ncha: ukihisi mfereji, litupe, hata kama bado linapiga vizuri. Vilevile, fataki (kiwashio kinachowekwa kitakoni) ikiingia bila kukazana, tundu lake limepanuka na ganda hilo limekwisha.

Mlenga_Mbali: Nashukuru sana. Je, dawa ya kusafishia yenye amonia ina madhara kwa maganda?

Fundi_Maganda: Ndiyo, iepuke kabisa. Amonia huishambulia metali hiyo pale yenye mkazo, ikazaa nyufa, na shingo iliyokakamaa ndiyo yenye mkazo mwingi zaidi.