Naomba ushauri: kuchunguza soketi ya Wi-Fi ambayo seva yake imezimwa

Mleta mada
Habari zenu wanajamvi. Nina soketi ya Wi-Fi ambayo mtengenezaji wake amezima seva, hivyo haiwezi tena kuongozwa kwa simu ingawa yenyewe ni nzima. Nimeifungua na kukuta chipu ya ESP8266 (kompyuta ndogo yenye Wi-Fi), na pembeni yake vitundu vilivyoandikwa TX (kutuma data), RX (kupokea data), GND (hasi ya umeme), 3V3 (chanya ya volti 3.3) na IO0 (pini inayoamua chipu iwakeje). Nataka kusoma programu iliyomo, nielewe inavyoendesha rilei (swichi ya umeme inayowasha na kuzima soketi), kisha niweke nyingine isiyotegemea seva ya mtu. Nianzie wapi bila kuiharibu?

Mchangiaji wa kwanza
Ndugu, kabla ya yote, usiiunganishe na kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani. Soketi nyingi za aina hii hazina transfoma ya kutenganisha umeme, kwa hiyo GND ya bodi yaweza kuwa imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani, na waya wa USB ukaupeleka hadi mkononi mwako. Hilo linaua. Ichomoe kabisa, uipe volti 3.3 kutoka nje. Volti 5 zinaweza kuunguza chipu.

Mchangiaji wa pili
Nakubaliana naye kwa kila neno. Tumia adapta ya USB ya kuunganisha kompyuta na vitundu hivyo: TX ya adapta iende kwenye RX ya bodi, na RX kwenye TX, huku GND zikiunganishwa pamoja. Ukiona herufi zisizosomeka, jaribu kasi ya biti 74880 kwa sekunde, kwa maana ESP8266 yenye kristali (kipande kinachoipa chipu mapigo yake) ya megahezi 26 hutoa ujumbe wa kwanza kwa kasi hiyo, si 115200. Kisha unganisha IO0 na GND wakati wa kuiwasha, na utumie esptool, programu ya kompyuta ya kusoma na kuandika chipu hizi, kunakili kumbukumbu yote. Nakili mara mbili, ulinganishe SHA-256 (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili) za mafaili hayo; zikitofautiana, kagua waya na umeme, wala usiandike chochote juu ya chipu mpaka zilingane.

Mleta mada
Nashukuru sana. Pini ya rilei nitaitambuaje?

Mchangiaji wa pili
Kwa multimita, umeme ukiwa umeondolewa: anzia kwenye transista iliyo karibu na rilei, ufuate njia yake, kupitia kizuizi kidogo cha umeme (rezista), hadi kwenye mguu wa chipu.

Mchangiaji wa tatu
Niongeze moja: nakala hiyo ya kumbukumbu usiipandishe hapa wala usimtumie mtu, kwani nenosiri la Wi-Fi yako mara nyingi limo humo likisomeka waziwazi.