Lugha yangu ya kazi ni Kitaliano, wageni wamebadilika: niweke akiba kwenye boti au nijenge vyumba Paje?

MwanaKiwengwa

Assalaam aleikum wanajamvi.

Mimi ni mkaazi wa Kiwengwa, Unguja. Kazi yangu ni kutembeza wageni, leseni ya Kamisheni ya Utalii n'nayo, na n'na boti ya mbao tunayokwenda nayo kisiwa cha Mnemba. Lugha yangu ya kazi ni Kitaliano. Anayeijua Kiwengwa anaelewa kwa nini: tangu miaka ya tisini pwani hii ilikuwa ya Wataliano, na wengi wetu tulijifunza lugha yao mchangani kabla hata ya kukijua Kiingereza. Mgeni akiridhika, mwaka wa pili anakuletea ndugu zake.

Mambo yamegeuka. 2020 Italia ilifungwa kwa korona, sisi tukafungua anga mapema, wakaja Warusi na Waukraine kwa ndege za kukodi. Tumeanza kuzoeana nao, Februari 2022 vita vikaanza, Waukraine kwa mamia wakakwama hapa kisiwani. Baada yao wakaongezeka Wapolandi. Paje nako kumejaa vijana wanaofanya kazi za Ulaya kwa kompyuta huku wakiishi hapa miezi. Sikukuu zikifika ndio kabisa, boti za Dar zinashusha watu wa Bara mpaka sokoni Darajani, mjini, hapapitiki.

Takwimu za serikali zinapanda: wageni 538,264 mwaka 2019, 638,498 mwaka 2023, na 736,755 mwaka 2024. Sizipingi, kwani uwanja wa ndege naona unavyojaa. Lakini boti yangu inalala pwani siku nyingi kuliko zamani. Wataliano bado wanakuja, ila wengi wameshalipia kila kitu huko kwao, chakula, vinywaji na safari, na wakitoka getini ni kupunga upepo tu. Wapolandi sipatani nao lugha.

N'na akiba kama milioni 12. Shemeji yangu anataka tujenge vyumba vitatu kwenye kiwanja cha mke wangu Paje. Mwenzangu wa kazini ananambia nibadilishe mashine ya boti na nijifunze Kipolandi. Watoto wanasoma skuli, pesa hizi zikipotea sina nyengine. Naombeni mawazo ya wanaoijua biashara hii.

BintiPaje

Waaleikum salaam kaka. Mimi naishi hapa Paje, nipunguze matumaini kidogo kuhusu vyumba.

Paje inakwenda kwa upepo. Kusi ikivuma, Juni mpaka Septemba, na kaskazi Disemba mpaka Februari, wachezaji wa tiara za baharini, wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara, wanajaa. Ikija masika, Aprili na Mei, vyumba vinabaki na mbu. Hao vijana wa kompyuta wanataka intaneti isiyokatika, umeme wa akiba, maji yasiyo na chumvi na meza ya kufanyia kazi. Sola na betri peke yake vitakula sehemu kubwa ya hiyo milioni 12 kabla hujapaua. Halafu mtu wa miezi mitatu analipa kodi ya mwezi, hakodi boti kila wiki.

Jengine linaniuma kulisema. Mama zetu hapa wamelima mwani tangu mwisho wa miaka ya themanini. Sasa bahari ile ile ya maji mafupi ndiyo inayotakiwa na tiara, na kila mwaka vigingi vya mwani vinasogezwa. Ukijenga, jenga ukijua majirani zako wanaishi na nini.

Mdau wa Temeke

Mkuu, pole na hongera kwa kuuliza mapema. Nitakuambia upande wetu sisi wa Bara, kwa sababu naona umetutaja kwa mstari mmoja tu.

Sisi tunakuja kwa makundi. Kazini, kanisani, kikoba, wanachuo waliomaliza, watu kumi na tano au ishirini. Tunakuja Pasaka, Iddi, Sabasaba, Nanenane na Disemba, yaani siku zinajulikana tangu Januari. Hatukati tiketi za ndege Ulaya, kwa hiyo vita vya huko havituzuii. Na ile bima ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024 ni ya wageni wa nje, haituhusu.

Kinachotukimbiza ni bei. Ukimuuliza mtu wa boti anakutajia dola, ukisema wewe Mtanzania anakuangalia kama umekuja kumsumbua. Mkuu, tutajie shilingi, tena bei ya kichwa. Kama boti inachukua watu 12, gawanya, weka na chakula humo humo: pweza, wali wa nazi, tikiti maji, maji ya kunywa. Andika wazi kwenye WhatsApp, weka picha halisi za boti yako na maboya ya kuokolea, pokea malipo kwa simu. Wengi wetu hatujui kuogelea, kwa hiyo ukitutuliza kwa maneno kabla hatujapanda, umetushika. Na tunapiga picha sana, kijana wako mmoja ajue kupiga picha nzuri.

Mwaka jana tulitafuta mtu wa hivyo upande wa Kiwengwa na Matemwe tukamkosa, tukaishia Nakupenda na Changuu, karibu na mjini, kama kila mtu.

Malindi Kwetu

Nawasalimu kutoka Malindi, Kenya. Ndugu yangu, habari yako ni habari yetu, nasi tulitangulia.

Huku Wataliano walishika mji. Hata mahoteli, mikahawa na majumba ya kifahari yalikuwa yao, na vijana wetu wakawa hodari wa lugha kama nyinyi. Kisha yakaja mapigo mfululizo: vurugu za uchaguzi wa 2007, utekaji wa wageni upande wa Lamu mwaka 2011, na 2014 Uingereza ikaonya watu wake, kampuni za utalii zikawaondoa wageni Mombasa kwa ndege. Charta, yaani ndege za kukodi, zikapungua, mahoteli mengine yakafungwa na mpaka leo ni magofu ya makuti. Wataliano wakongwe wamebaki, lakini ni wazee, nao watoto wao hawana mapenzi yale na Malindi.

Waliosimama tena ni wale waliomkubali mgeni wa Nairobi. Treni ya SGR ilipoanza 2017, watu walishuka Mombasa na familia nzima. Hawakutaka chumba kimoja na kiamshakinywa. Walitaka nyumba yenye jiko, friji na nafasi ya watoto. Wenye vyumba wakavunja kuta wakaviunganisha. Wengine waliwadharau kwamba hawatoi bakshishi, wakangoja charta irudi. Wengi wao wameuza.

Lakini usikitupe Kitaliano. Wale wageni wako wa zamani, namba zao unazo? Waandikie. Mzee wa miaka sabini anayerudi na wajukuu hataki safari ya hoteli yenye watu arobaini, anamtaka mtu anayemjua.

MwanaKiwengwa

Nashukuruni sana. Dada wa Paje, la vigingi nalijua, mama mkwe wangu ni mlimaji, na kwa hilo peke yake vyumba naviweka kando. Mzee wa Malindi, namba n'nazo nyingi, usiku huu naanza kuwaandikia.

Mdau wa Temeke, n'na suala. Wageni wa Bara wakija kijijini kwetu wengine hutembea na nguo za kuogelea mpaka dukani, na wazee wanalalamika kuliko kwa Wazungu, kwa sababu wanasema hawa ni ndugu zetu, wanajua. Nikiwaambia watachukia?

Mdau wa Temeke

Hawatachukia ukiwaambia kabla. Weka kwenye ujumbe ule ule wa bei: kijijini tunafunga kanga au kuvaa fulana, baharini uko huru, na kama ni Ramadhani eleza chakula kitaliwa wapi. Mtu akisoma akiwa Dar anapakia kanga. Ukimwambia mbele ya wenzake ameshavaa, hapo ndipo ataona umemdhalilisha.

BintiPaje

Na Kipolandi usikiogope. Wageni wa Kipolandi ninaokutana nao hapa wengi ni vijana na Kiingereza wanakijua. Noa Kiingereza chako kwanza, kitakufaa kwa wote. Mashine ya boti nunua ya mipigo minne (four-stroke), haili mafuta sana, na weka pesa ya masika pembeni kabla hujaigusa hiyo milioni 12.

Mdau wa Temeke

Kikundi chetu kinapanga Sabasaba. Nitumie bei ya kichwa ya Mnemba pamoja na chakula, kwa watu 14, na uniambie boti inachukua wangapi kwa mujibu wa cheti chake. Kama haifiki 14, tafuta mwenzako mwenye boti ya pili tuje kwa mbili.