Chupa mbili za amoksilini ya maji, moja 125 nyingine 250: nimpe mtoto mililita ngapi?

Mama Pacha:
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kabla dozi ya usiku haijafika. Mwanangu wa miezi 8 ana maambukizi ya sikio, daktari akamwandikia amoksilini ya maji. Chupa ya kwanza imeisha kabla dozi haijakamilika, tukapewa ya pili. Boksi zinafanana kila kitu, ila nilipotazama maandishi madogo, ya kwanza ni 125 mg/5 ml na hii mpya ni 250 mg/5 ml. Maelekezo yaliyobandikwa ni yale yale: mililita 5 mara tatu kwa siku. Niendelee na 5? Halafu homa imeshaondoka na anacheza vizuri. Mama mkwe anasema imetosha, tusimjaze mtoto madawa.

Mfamasia wa Zamu:
Dada, umefanya la maana sana kusoma chupa. Usimpe 5 ya hiyo mpya kabla hujapiga simu. Mililita 5 za chupa ya kwanza zina miligramu 125. Za chupa ya pili zina 250, yaani maradufu. Kama daktari alikusudia 125 kila mara, basi ya chupa mpya ni mililita 2.5. Lakini huenda ameongeza kwa makusudi, maana dozi ya mtoto hupangwa kwa uzito na aina ya maambukizi. Mpigie aliyekupa dawa sasa hivi, umsomee namba za chupa zote mbili na umtajie uzito wa mtoto.

Baba Junior:
Na kijiko cha chai weka pembeni. Vijiko vya nyumbani havilingani, na kwa 2.5 hutapatia kamwe. Omba bomba la kupimia, lile lisilo na sindano. Mkalishe, elekeza ncha ndani ya shavu, sukuma kidogo kidogo. Ukimwaga kooni atapaliwa.

Mama Pacha:
Asanteni, napiga sasa. Chupa mpya bado ni unga. Naichanganyaje, na lazima ikae kwenye friji?

Mfamasia wa Zamu:
Gonga chupa mpaka unga uachane na kitako. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Tia kama nusu ya maji, funga, tikisa sana, kisha uiache. Hapa ndipo wengi hukosea: povu hupanda hadi kwenye alama, mtu akadhani maji yametosha, kumbe hayajafika. Hapo dawa inakuwa nzito kuliko ilivyoandikwa. Povu likitulia, ongeza maji mpaka alama, tikisa tena, andika tarehe kwenye chupa. Na utikise kila unapompa, kwa sababu dawa hutuama chini.

Kuhusu friji, fuata maandishi ya chupa yako. Amoksilini iliyoongezewa klavulanati (kiambato kinachoisaidia kufanya kazi) ikishachanganywa lazima iwe kwenye friji, wakati klarithromaisini, antibiotiki nyingine, haitakiwi kuwekwa humo. Hakuna dawa ya maji ya kugandishwa, na siku za matumizi zilizoandikwa zikipita, usiitumie tena hata kama imebaki nusu.

Nesi Tulivu:
Mama Pacha, mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba homa kushuka ni dalili njema tu. Bakteria wanaweza kuwa bado wapo. Siku alizopanga daktari zinaweza kupunguzwa na daktari mwenyewe tu. Ukisahau dozi mpe ukikumbuka, lakini kama inayofuata imekaribia ruka hiyo, usimpe mbili pamoja. Usiichanganye kwenye chupa nzima ya maziwa, akiacha nusu hutajua amepata kiasi gani. Kinyesi kulainika kidogo ni kawaida. Akitoka vipele, acha dawa umpigie daktari. Midomo au uso ukivimba, au akipumua kwa shida, kimbiza hospitali bila kusubiri asubuhi.

Mama Pacha:
Nimepiga. Daktari alikusudia miligramu 125, kwa hiyo ni 2.5. Wameomba radhi, wamebadilisha karatasi na kunipa bomba. Povu lilichukua muda kweli kutulia. Amekunywa yote. Dozi ikiisha kutabaki dawa nyingi, nimtunzie pacha wake?

Mfamasia wa Zamu:
Hapana dada. Pacha wake akiumwa apimwe mwenyewe. Inaweza kuwa mafua ya virusi, na amoksilini haiyagusi. Kilichobaki kirudishe duka la dawa wakiteketeze, usimwage kwenye sinki.