Mbegu safi kwa macho, lakini miche inakufa: je, kuvu hukaa ndani ya punje?

Mkulima wa Urambo: Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nilipanda mahindi niliyoyachagua mwenyewe, punje nene zisizo na doa wala tundu, lakini baadhi ya mashimo hayakutoa kitu na miche mingine ilinyauka kabla ya jani la tatu. Nilipoing'oa, nilikuta punje imefunikwa na utando mweupe unaoelekea waridi. Bwana shamba anasema kuvu ilikuwamo ndani ya mbegu. Yawezekanaje, ilhali niliipaka dawa?

Mama Bustani, Tabora Mjini: Yawezekana, kaka. Ninayoishuku ni Fusarium verticillioides, ingawa rangi peke yake haithibitishi. Huingia kupitia nywele za hindi, au matundu ya funza wa mabua, ikajificha hasa kwenye ncha ya punje inaposhikana na gunzi, jirani kabisa na kiini. Dawa kama thiramu hubaki juu ya ganda. Huzuia kuvu za nje na za udongoni, lakini hii haifikii. Cha kushangaza ni kwamba mara nyingi punje huota vizuri, na kuvu ikapanda shinani pamoja na mmea bila dalili yoyote, hadi mmea udhoofishwe na ukame au mbegu ichelewe kuota, ndipo huanza kumla mwenyeji wake. Tazama punje zilizobaki: je, zina michirizi myeupe iliyotawanyika kama miale kutoka kichwani?

Kijana wa Kasulu: Tusizilaumu kuvu zote, lakini. Nyasi za fesku za malisho huwa na kuvu ya Epichloë, ambayo mmea mama huirithisha kwa mbegu, na hiyo huzikinga dhidi ya wadudu, ingawa sumu yake huwadhuru ng'ombe. Mbegu ikikaa ghalani muda mrefu, kuvu hufa kabla ya mbegu yenyewe.

Mkulima wa Urambo: Miale ipo, dada, tena kwenye punje nyingi. Basi hizi ambazo sijazipaka dawa nizisage tu?

Mama Bustani, Tabora Mjini: Hapana, tafadhali. Kuvu hiyo hutoa fumonisini, sumu iliyotambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988, na kupika ugali hakuiondoi yote. Kwa msimu ujao, chagua magunzi yasiyotobolewa na funza, yaanike upesi, kisha viringisha punje 100 kwenye kitambaa kibichi kwa siku 7. Usihesabu zilizoota tu. Kata chache katikati uone kama kiini kimebadilika rangi.