Mrejesho: ile Mauser K98k niliyoulizia namba zake

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama K98k (bunduki ya jeshi la Ujerumani ya Vita vya Pili vya Dunia) niliyonunua hapa Marekani, yenye chapa byf 43 (kiwanda cha Mauser, Oberndorf, mwaka 1943), bado ina vipande vyake vya awali, maana muuzaji aliniapia kuwa namba za vipande vyote zinafanana.

Zinafanana kweli, ila mlionionya kuwa namba kufanana hakutoshi mlikuwa sahihi. Nilihakikisha haina risasi, nikatoa bolti (kile kifungio cha nyuma ya mtutu) na kuimulika kwa tochi. Namba ya kwenye mtutu imegongwa, ina kina na kingo safi. Ya bolti imechorwa juujuu kwa kalamu ya umeme, mistari inayumba, na namba ya zamani imekatwa kwa mstari. Kitako kimepakwa shelaki (aina ya vanishi) nyekundu, na ubavuni mwa chuma kuna alama ya X. Ni bunduki iliyotekwa na Wasovieti. Baada ya vita walizifungua kwa wingi, wakaziunganisha bila kujali kipande kimetoka wapi, kisha wakachora namba upya ili zifanane.

Mtutu ni wa awali, una alama ya tai ya mkaguzi wa silaha wa Kijerumani, WaA135. Shelaki siikwangui, wala sitafuti bolti nyingine. Hiyo nayo ni historia yake. Mniwie radhi niliowabishia. Muuzaji ameziona picha, kanirudishia dola 200.